Skuta ya Baba kwenye Njia ya Miguu

Baba yangu alikuwa mtu wa kutembea. Waliomjua hapa Korogwe watakwambia hivyo kabla hawajakwambia jambo lingine lolote juu yake. Miaka yote aliyokuwa fundi mitambo katika kiwanda cha mkonge kule Ngombezi alikwenda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu, na alipostaafu tukahamia Manundu, hapa mjini, katika nyumba aliyoijenga mwenyewe, hakuacha. Akishakunywa chai ya asubuhi alivaa kofia yake, akapita sokoni, akasalimia huyu na yule, akateremka hadi darajani kutazama maji ya Pangani, kisha akarudi taratibu kwa njia nyingine. Mama, enzi za uhai wake, alikuwa akimtania mbele ya wageni: "Mume wangu ana mke wa pili, anaitwa barabara."

Mama alipofariki, baba alizidisha kutembea. Nilidhani ndivyo anavyolia. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na ndimi binti niliyebaki naye nyumbani. Mdogo wangu wa kiume yuko Dar es Salaam. Nikitoka shuleni mchana nilikuwa nakutana na baba njiani, viatu vyake vyekundu kwa vumbi, na ananipokea mkoba kana kwamba bado ni mtoto wa darasa la kwanza.

Halafu moyo wake ukaanza kumkatalia. Mwanzoni alisimama mara kwa mara akijifanya anatazama bidhaa madukani. Baadaye miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, na usiku akalala ameegemea mito. Daktari alituambia moyo umetanuka, akampa dawa na kumkataza chumvi. "Unaweza kusimama, unaweza kutembea hapo nyumbani," alimwambia, "ila zile safari zako, mzee, basi." Baba aliitikia kwa kichwa tu. Tuliporudi alikaa kwenye kiti cha barazani, na kutoka siku hiyo kiti kile kikawa ndiyo Korogwe yake yote. Akazeeka mbele ya macho yangu. Rafiki zake walikuja siku za mwanzo, kisha wakapungua, si kwa ubaya, bali kila mtu ana njia zake, na nyumba yetu haikuwa kwenye njia ya mtu yeyote.

Mdogo wangu alikuja likizo akamkuta katika hali hiyo. Aliporudi tena, alikuja na boksi refu, akalifungulia uani. Ndani mlikuwa na skuta ya umeme, zile za kusimama: ubao mwembamba wa kuwekea miguu, magurudumu mawili madogo, na mti mrefu wenye usukani. Unaichaji ukutani kama simu, ukibonyeza kwa dole gumba inakwenda.

"Hii ni ya watoto," baba akasema.

"Dar wanapanda watu wazima, baba. Wanakwenda nayo kazini."

"Na mimi naenda kazi gani?"

"Unakwenda darajani," mdogo wangu akamjibu.

Baba akaushika usukani. Kisha akaomba ashikwe mkono. Tulimzungusha pale uani, mdogo wangu huku na mimi huku, hadi akatuambia tumwachie. Akazunguka mwembe wa jirani, akarudi, akazunguka tena. Sijui nieleze vipi sauti aliyoitoa. Haikuwa kicheko hasa. Ilikuwa ni kama ya mtu aliyetupwa kisimani akaona kamba imeteremshwa. Niliingia jikoni nikalia, kwa furaha, na ninaikumbuka siku ile kuwa siku njema ya mwisho katika nyumba yetu.

Tatizo lilikuwa wapi pa kuipandia. Barabara kuu inayokatisha mji wetu ni ya malori na mabasi ya mikoani, na hakuna mwenye akili timamu ambaye angempeleka pale mzee mgonjwa juu ya kijibao. Pembeni yake kuna njia ya waenda kwa miguu, imetandikwa vitofali vya saruji, na hiyo ndiyo baba aliyoichagua. Njia yenyewe si pana. Akina mama wametandaza nyanya na ndizi, fundi viatu amekaa na sanduku lake, maduka yametoa ndoo na magodoro nje, na wanafunzi wanapita makundi makundi. Katikati ya hayo yote sasa akapita baba, amenyooka kama mlingoti, kofia kichwani, bila sauti yoyote.

Siku za kwanza watu walicheka. Madereva wa bodaboda walimpigia makofi. "Mzee baba! Hicho kinakula nini?" Baba akawajibu, "Kinakula umeme wa LUKU." Mwenye duka la vitambaa, mzee wa Kihindi ambaye baba yake na baba wa baba yake waliuza vitambaa mahali pale pale, alimsimamisha ili aiangalie vizuri. Akaizunguka mikono nyuma, akasema, "Kitu kizuri, Fundi. Lakini hii njia haikukusudiwa kwa hiki kitu." Baba alicheka. Alinisimulia jioni ile kama kichekesho.

Kicheko hakikudumu. Mtoto mmoja alirukia pembeni akaangukia fungu la nyanya. Siku nyingine mama mjamzito alishtuka akapiga kelele, maana alikuwa hajasikia kitu, na ghafla kuna mtu begani kwake. Baba hakumgusa, lakini yule mama alikaa chini akitetemeka, na watu wakamzunguka. Maneno yakaanza kunifikia hadi shuleni. Mzee amepata uchizi. Mzee anaringa na mali ya mwanawe. Leo ni mzee mmoja, kesho ni vijana wote wa mji. Askari wa usalama barabarani aliulizwa, akaitazama ile skuta akakuna kichwa. Si pikipiki, si baiskeli, haina namba. Akasema atauliza, na sikusikia kama aliuliza.

Mwishowe mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano. Ulifanyika alasiri nje ya ofisi ya serikali ya mtaa, na mambo mengine yalikuwapo, ya taka na mtaro ulioziba, lakini kila mtu alijua tumekuja kwa ajili ya nini. Nilikaa karibu na baba. Alikuwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa.

Aliyesimama kwanza alikuwa mama muuza nyanya, mwanamke mnene wa Kishambaa mwenye sauti inayofika ng'ambo. Hakutukana. Nakumbuka alianza kwa shikamoo.

"Shikamoo, mzee wangu. Mimi nakuheshimu. Lakini niambie: barabarani tunakufa na malori. Tumepewa hiki kipande cha pembeni, tumesema alhamdulillahi, hata kama tunabanana. Sasa huku pembeni nako tugongwe? Twende wapi? Tupande juu ya mapaa?"

Watu wakapiga makofi. Baba alisimama, akasubiri pumzi yake itulie kabla hajasema.

"Marahaba, binti yangu. Umesema kweli. Na mimi niambie: miguu yangu ipo, lakini moyo hauibebi. Nikienda barabarani nitakufa siku moja. Nikikaa nyumbani ninakufa kila siku. Na mimi niende wapi?"

Hakuna aliyempigia makofi, ila hakuna aliyemzomea pia. Ndipo mwalimu wangu akainua mkono.

Huyu ni mtu ninayetakiwa kumwelezea. Alinifundisha kusoma, katika darasa lisilo na madirisha kule Ngombezi, akiniongoza kidole juu ya herufi. Alikuwa rafiki wa baba tangu ujana wao. Walipishana dini tu, vingine vyote walishirikiana. Baada ya kustaafu, presha ya macho ilimla macho yote mawili. Hakukubali kukaa ndani. Kila asubuhi alitoka na fimbo yake nyeupe, akapita njia ile ile ya vitofali hadi kanisani na kurudi. Watu wa sokoni walimzoea wakamwachia nafasi ukutani.

"Mimi nina neno moja," akasema, uso ameuelekeza sehemu ambayo baba hakuwapo. "Gari nalisikia. Pikipiki naisikia. Hata baiskeli ina mnyororo. Fundi, chombo chako sikisikii. Unanipita kama malaika, na mimi sijawa tayari kuchukuliwa na malaika."

Watu wakacheka, baba naye akacheka.

"Simkatazi," mwalimu akaendelea. "Mimi najua kukaa ndani ni nini. Namwomba tu anisalimie kabla hajanifikia."

Hayo ndiyo yaliyomaliza mkutano. Mwenyekiti alisema hana sheria ya kitu kile, wala ya kukiruhusu wala ya kukikataza, hivyo mzee afunge kengele, aende polepole, na siku ya gulio abaki nyumbani. Mama muuza nyanya aliguna kwa sauti. Baba alikubali yote. Kesho yake alifunga kengele ya baiskeli kwenye usukani.

Kwa muda mambo yalikwenda. Nilikuwa nikiwaona wawili wale asubuhi ninapokwenda shuleni. Baba akipiga kengele kwa mbali, mwalimu anasimama, anajibana ukutani, ananyoosha fimbo yake mbele ya miguu, na anasema, "Pita, Fundi." Baba alikuwa hapiti. Alikuwa anashuka, wanapeana mikono, wanaongea habari za jana, kisha kila mtu anashika lake. Wengine wakaanza kuzoea. Wengine hawakuzoea kamwe, na kila baba alipopita walisonya, na wale wa sokoni wenye bidhaa chini walitanguliza mguu kulinda mafungu yao. Baba aliona yote. Alikuwa anarudi nyumbani na kuniambia, "Leo fundi viatu kaniitikia salamu," kama mtu anayesimulia ushindi.

Siku yenyewe nilikuwa darasani. Mwalimu mwenzangu alikuja mlangoni akaniita kwa kidole, na kwa namna alivyoniita nilijua ni baba. Nilidhani moyo wake umesimama. Nilikimbia.

Yaliyotokea njiani nimeyapanga baadaye kwa kuuliza watu, kwa sababu baba hakuweza kunieleza kwa mpangilio. Lilikuwa linapita gari la matangazo, lenye spika kubwa juu, muziki umefunguliwa hadi mwisho. Baba alimwona mwalimu mbele, akapiga kengele. Akapiga tena. Mwalimu, kwa kelele zile, hakusikia kitu. Mwanamke mmoja mwenye beseni kichwani alikuwa anatoka dukani, akamwambia mwalimu asogee kidogo, naye kwa uungwana wake akasogea, si kwenye ukuta, bali kwa upande wa pili. Akaingia moja kwa moja mbele ya baba. Baba alishika breki. Haikuwa kasi, kila mtu anakubali haikuwa kasi. Lakini mtu mzima asiyeona akisukumwa kidogo tu hana pa kujishikia. Mwalimu aliangukia ukingo wa mtaro, kwa nyonga.

Nilipofika, mwalimu alikuwa amekwisha kupakiwa kwenye bajaji na kupelekwa hospitali, na kundi kubwa la watu lilikuwa limemfuata. Skuta ilikuwa ndani ya mtaro, imetupwa na mtu aliyekasirika. Na baba alikuwa ameketi peke yake ukingoni, miguu ndani ya mtaro, kofia imeanguka, anahema kama samaki. Watu waliobaki walikuwa wamesimama mbali kidogo wakimtazama. Hakuna aliyekuwa amemshika.

"Nilipiga kengele," akaniambia.

"Najua, baba."

"Waulize. Nilipiga kengele."

Nilipiga magoti nikamfungua vifungo vya shati apate hewa. Nilipoinua kichwa nikamwona mama muuza nyanya anavuka kuja kwetu. Nilijiandaa kwa maneno. Alikuwa ameshika kikombe cha maji. Akampa baba, akamshikia kisogo mpaka akanywa, kisha akachukua kikombe chake akarudi kwenye nyanya zake.

Mfupa wa nyonga ulikuwa umevunjika. Kwa umri wa mwalimu na sukari aliyokuwa nayo, madaktari waliogopa kumpasua. Wakasema atulie kitandani, tuone. Jioni ile ile nilimpeleka baba hospitali kumwona, akiegemea bega langu, akisimama kila baada ya hatua chache. Mlangoni mwa wodi tulimkuta mke wa mwalimu. Nilimjua tangu nikiwa mtoto. Alikuwa akitugawia viazi vya kuchemsha tulipobaki shuleni kusoma jioni. Alisimama mlangoni akaziba njia.

"Fundi," akasema, "rudi nyumbani."

"Shemeji, nimekuja kumpa pole tu."

"Nimesikia. Rudi nyumbani. Leo sitaki kukuona. Kesho sijui."

Baba akainamisha kichwa. Hatukuingia. Usiku huo nilimsikia anakohoa, lakini nilipokwenda na dawa nilikuta hakuwa anakohoa.

Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeagiza baba aitwe. Alikuwa amekwisha rudishwa nyumbani, amelazwa sebuleni karibu na dirisha, na ilikuwa wazi kwamba hatasimama tena. Nilimsindikiza baba. Mke wa mwalimu alitufungulia mlango, akatuonyesha viti, akatoka uani. Baba hakukaa. Alisimama kando ya kitanda akashika ule mkono uliokuwa umenyooshwa hewani unamtafuta.

"Fundi."

"Mwalimu."

"Ulipiga kengele?"

"Nilipiga."

"Basi sikuisikia."

Nje kuku walikuwa wanapiga kelele.

"Sikulaumu," mwalimu akasema. "Mungu anaona sikulaumu. Lakini sisi ni watu wazima, sitakudanganya. Natamani mwanao asingekuletea kile kitu."

"Hata mimi," baba akasema. "Hata mimi, ndugu yangu."

Nilitaka kusema jambo. Nilitaka kusema kwamba lilikuwa gari la matangazo, kwamba ilikuwa njia nyembamba, kwamba waliopanga mji walimpa kila mtu nafasi isipokuwa mtu asiyeona na mtu asiye na pumzi, wakawaacha wagawane kipande kimoja. Lakini hawakuwa wanazungumza na mimi.

Baada ya siku ile baba hakutaka tena Korogwe. Skuta niliiokota mtaroni nikaipeleka kwa fundi redio, naye akaichukua kwa ajili ya betri. Hakuna aliyekuja kumtukana baba, wala kudai chochote. Kilichomtesa ni kitu kingine. Akitoka tu mlangoni, hata kwa miguu yake mwenyewe, hata akienda duka la jirani kununua sabuni, watu walimpisha. Walisogea mapema mno. Akina mama walivuta watoto. Aliniambia, "Mwanangu, napishwa kama jeneza."

Akaomba apelekwe Handeni kwa dada yake. Nilimkatalia. Nikamwambia kliniki yake iko hapa, dawa ziko hapa, mimi niko hapa. Akasikiliza mpaka nikamaliza.

"Huko walinijua nikiwa natambaa," akasema. "Nikienda polepole hawatashangaa."

Shangazi yangu, dada yake baba, anakaa nje kidogo ya mji wa Handeni, kwenye shamba la mahindi na mihogo walilorithi. Mdogo wangu alikodi gari tukampeleka. Kuna ardhi nyekundu na vijia vya mchanga ambavyo gurudumu dogo haliwezi kupita hata kwa bahati. Msikiti uko jirani, hatua za mzee. Shangazi alimpokea kwa Kizigua, na baba akamjibu kwa Kizigua, na sauti yake ilibadilika ikawa ya kijana mdogo nisiyemjua. Nikajisikia mgeni, na nikafarijika kidogo.

Nilikuwa nakwenda kila nilipopata nafasi mwisho wa wiki. Nilimkuta kila mara barazani, anapukuchua mahindi au amekaa tu. Alikuwa akiniuliza habari za mwalimu kabla hajauliza habari zangu. Nikimwambia kapata nafuu, alijua nadanganya. Nikimwambia bado yuko vile vile, aliitikia, "Haya," na kuangalia shamba. Siku moja tu ndiyo aliniongezea neno. Alisema, "Ningekubali kile kiti cha barazani. Ilikuwa ni kukubali tu."

Nilimwambia asiseme hivyo. Nilimkumbusha jinsi alivyozunguka mwembe wa jirani siku ile. Akatabasamu, lakini kwa adabu, kama mtu anayesimuliwa habari ya ndugu wa mbali.

Alifariki kiangazi, akitawadha kwa sala ya alasiri. Shangazi alisikia birika linaanguka. Waliponipigia simu nilikuwa nasahihisha madaftari, na nakumbuka nilimaliza daftari lililokuwa mbele yangu, nikaweka alama, nikalifunga, ndipo nikasimama.

Tulimzika kesho yake asubuhi. Mdogo wangu alifika na basi la usiku, uso umevimba. Hakuingia ndani kwa watu. Alisimama nyuma ya nyumba akipiga ukuta kwa kiganja na kusema, "Ni mimi niliyemletea. Ni mimi." Nilimshika mabega.

"Ulimletea miguu," nikamwambia.

"Nilimletea aibu."

"Ulimletea vyote viwili. Njoo umbebe baba yako."

Hatukutegemea watu kutoka Korogwe. Muda wa kuondoka kwenda makaburini ulipokaribia, gari aina ya Noah liliingia uani limejaa, vumbi tupu. Wakashuka fundi viatu, mzee wa duka la vitambaa, madereva wa bodaboda wawili watatu, na mama muuza nyanya amejifunga kanga mbili. Walikuwa wameondoka alfajiri. Wanaume wakaenda moja kwa moja kupokea jeneza. Yule mama akaja kukaa mkekani kando yangu pamoja na wanawake wengine. Alilia bila kujificha. Baadaye, wakati wanaume wamekwenda kuzika, alinishika goti.

"Mwalimu, usituweke moyoni," akasema. "Tulimkatalia njia. Yeye hatukumkataa."

Nilimwambia najua. Sikuwa na hakika kama najua, lakini nilitaka moyo wake utulie.

Sasa skuta za namna ile zimeongezeka mjini kwetu. Vijana wanazo, wanapita nazo kwenye vitofali vile vile, wengine wawili wawili juu ya ubao mmoja, masikio yamezibwa na visikilizi vya simu. Hivi karibuni mtaa uliitisha mkutano mwingine, na maneno yalikuwa yale yale ya kwanza, makali zaidi. Mwenyekiti alinitazama akasema, "Mwalimu, wewe una la kutuambia." Nilisimama. Nilikuwa nimepanga kusema kwamba wakatazwe, kwa ajili ya mwalimu wangu. Na nilikuwa nimepanga kusema kwamba wasikatazwe wote, maana huenda miongoni mwao yupo mtu asiyeweza kutoka ndani kwa njia nyingine. Nikasema tu kwamba njia ipanuliwe. Mzee mmoja nyuma akauliza ipanuliwe kuelekea wapi, madukani au barabarani, na watu wakacheka kicheko cha uchovu, nikakaa.

Kwa mwalimu naenda karibu kila Jumamosi. Namsomea gazeti, ananisahihisha matamshi hadi leo. Amekonda sana. Habari za kifo cha baba nilimpelekea mimi mwenyewe, akageukia ukutani, na hatujalizungumza tena. Mke wake alikuwa ananikaribisha kwa chai na maneno machache. Hakuwahi kulitaja jina la baba wala kuniambia pole, na mimi sikumdai. Nilikuwa nimemwona usiku na mchana akimgeuza mumewe kitandani, akimpaka mafuta mgongoni ili asipate vidonda. Mtu mwenye kazi ile hana deni la maneno kwa yeyote.

Ilikuwa ananisindikiza langoni aliponiuliza, bila kunitazama, "Baba yako mlimzika upande gani wa Handeni?"

Nikamweleza.

"Ukienda tena, niambie," akasema.

Tulikwenda Jumapili moja baada ya ibada yake, binti yake akabaki na mwalimu. Shangazi alitupeleka hadi makaburini. Mke wa mwalimu alijitanda kanga kichwani, akavua viatu kama alivyotuona sisi tumevua, akasimama pale juani. Hakusali kwa sauti. Aliinama akang'oa majani yaliyoota pembezoni mwa kaburi, kidogo kidogo, akayakusanya mkononi, akatafuta mahali pa kuyatupa. Nami nikainama nikaanza kung'oa upande wa pili. Tulipomaliza akapangusa mikono.

"Twende, mwanangu," akasema. "Gari litatuacha."